Uvimbe Chini ya Marinda

Kwenye chumba cha Mama Shela cha kushonea magauni ya harusi kulikuwa na amri moja ambayo hata mteja alilazimika kuitii: hakuna kuingia na nguo ya rangi iliyokoza. Nyekundu, nyeusi, buluu, zote marufuku, kwa sababu fundi akitoka jasho rangi huhamia kwenye satini, na satini nyeupe ikishaingia doa huna la kuiambia. Mafundi walivaa krimu na nyeupe kutwa nzima. Chai walinywa nje. Mikono walinawa kabla ya kugusa kitambaa, na Mama Shela alikuwa na tabia ya kukagua kucha zao kama mwalimu wa zamu.

Sasa hebu mfikirie mwanamke anayetokwa na damu ya mwezi kama bomba lililopasuka, wiki nzima na siku kadhaa juu yake, halafu kazi yake iko ndani ya chumba hicho.

Basi huyo ndiye Pindo. Wazazi wake walimpa jina zuri tu, lakini wenzake walimwita Pindo kwa sababu alijua kupinda gauni mpaka ukautafuta uzi kwa tochi usiuone. Mikono yake ilikuwa dhahabu. Kichwa chake sasa! Mkaidi kama yule hajapata kutokea. Siku zake zilipoingia alishona akiwa amesimama, eti akikaa mgongo unamuuma. Ndani alijifunga pedi mbili, kitambaa juu yake, na kaptura ya kubana juu ya vyote, na kila mara alikwenda msalani na kurudi anapiga mluzi ili mtu asije akauliza. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama vya aliyeshika unga. Akipanda vile vingazi vya kuingilia kazini, moyo ulimwenda mbio kama aliyefukuzwa na mbwa, naye husimama mlangoni akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Na barafu! Alitafuna barafu asubuhi, mchana na jioni. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa mizaha, asiyeweza kupita neno bila kulichokoza. "Mafundi wenzangu wanaibiwa spea," alikuwa akiwaambia watu, "mimi naibiwa barafu, na mwizi nalala naye." Walicheka wote wawili. Hakuna kati yao aliyejua kwamba mtu akitamani barafu namna ile, huenda damu imemwishia mwilini.

Tumbo nalo likaanza kujaa. Lilikuwa gumu chini ya kitovu, ukilibonyeza halibonyei. Hapo ndipo ufundi wake ulipomponza. Pale kazini Pindo ndiye aliyekabidhiwa maharusi wenye siri. Bibi harusi akija na mimba ambayo mama yake hajaambiwa, Mama Shela humnong'oneza Pindo neno moja tu, "Lipoteze." Naye hulipoteza. Hupandisha kiuno cha gauni mpaka chini ya matiti, huweka marinda mbele na kipande kinachoanguka wima, na siku ya harusi mama mzazi anapiga vigelegele hana habari. Kwa hiyo tumbo lake mwenyewe lilipoanza kukua, Pindo hakulichukulia kama ugonjwa. Alilichukulia kama kazi. Likiongezeka, anaongeza rinda. Likiongezeka tena, anapandisha kiuno. Mwaka mzima na zaidi alilishonea tumbo lile magauni mazuri, na alipojitazama kwenye kioo kikubwa cha kazini akaona hakuna tumbo, aliamini kabisa kwamba hakuna tumbo. Upumbavu wa namna hii unahitaji mtu mwenye akili nyingi.

Tena siyo kwamba hakuwa na fununu. Dada yake mkubwa aliwahi kuota uvimbe kwenye kizazi, akapasuliwa, kizazi kikatolewa chote, na kidonda hakijakauka vizuri mumewe akafunga virago. Tangu hapo dada mtu alikuwa akisema hospitali wanajua neno moja tu: kata. Na Pindo alikuwa na ndoa ya miaka sita, mimba moja iliyotoka changa, na hamu ya mtoto iliyokuwa inamla usiku na mchana. Aliogopa kuambiwa neno lile. Ndiyo maana hakwenda kuuliza.

Siku ya mambo kuharibika ilikuwa siku ya kujaribisha gauni. Bibi harusi amesimamishwa juu ya stuli, shangazi zake wawili wamekaa kwenye kochi wanatoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba, na Pindo amepiga magoti chini, pini kati ya midomo, mkia wa gauni umemwagika mapajani mwake. Siku hiyo ujanja wa kusimama haukuwezekana. Upindo hupimwa kutoka chini.

Akahisi bonge likimtoka. Zito, la moto, na nyuma yake joto likaanza kutambaa.

Pindo akaganda. Akisimama, shangazi wataona damu nyuma yake. Akibaki pale, damu itafika kwenye satini. Huko juu bibi harusi anauliza, "Nigeuke?" naye hawezi kujibu, mdomo umejaa pini. Jasho la baridi likamtiririka. Joto lile lilikuwa limeshavuka pedi, alilisikia, sasa linavuka kitambaa. Akaukunja mkia wa gauni polepole, akausogeza mbali kwa ncha za vidole, akatema pini kiganjani, akashika ukuta, akasimama.

Ukuta ukamkimbia. Kitu cha mwisho alichosikia ni shangazi mmoja akipiga ukelele, "Mungu wangu, damu!"

Alipofumbua macho alikuwa sakafuni, na Mama Shela, huyo huyo mkagua kucha, alikuwa amevuta jora zima la satini kutoka mezani na kumfunika nalo kuanzia kiunoni kwenda chini, analichomekea pande zote ili watu wasimwone.

"Mama, satini," Pindo akasema.

"Nyamaza na satini yako!" Mama Shela alifoka huku machozi yanamtoka. "Mjinga wewe! Mjinga wa kutupwa! Na nyie mnatazama nini? Leteni gari!"

Hospitalini walimtundikia damu kabla hata hawajamaliza kumuuliza anaitwa nani. Daktari wa wanawake alikuwa mama mfupi, mwenye sauti kubwa ya kuitia watu sokoni na mikono midogo kama ya msichana. Kesho yake alimpaka ute wa baridi tumboni, akatembeza kile kifaa cha kupigia picha, akatazama skrini, akaguna.

"Tumbo hili ni saizi ya mimba ya miezi mitano. Nyumbani kwenu mko vipofu?"

"Nililipoteza," Pindo akasema.

"Ulilipoteza?"

Mumewe, aliyesimama pembeni ya kitanda, ikabidi aeleze habari ya marinda. Daktari akamtazama Pindo kwa muda, asijue acheke au amzabe kibao.

"Haya, nisikilize. Huu ni uvimbe wa kizazi, wengine wanauita fibroidi. Siyo saratani. Ni nadra sana kukuta saratani kwenye uvimbe wa aina hii, ila tukishautoa tutaupeleka maabara kuhakikisha. Ni misuli ya kizazi chenyewe iliyoamua kukua kwa mafundo. Wanawake wengi mno wanao, na wengi wao hawajui, maana hauwasumbui. Wa hivyo tunauacha, tunautazama tu. Wako unataka kukuua."

"Nilikosa nini?" Pindo akauliza. "Nilikula kitu?"

"Hujakosa kitu. Unalishwa na homoni zako mwenyewe za kike, na mara nyingi unafuata ukoo. Una ndugu aliyepata?"

"Dada."

"Umeona."

Akachukua kalamu, akachora kizazi juu ya kipande cha karatasi, kimekaa kama tunda la pea lililogeuzwa kichwa chini. Kuna mafundo yanayoota upande wa nje, akasema, hayo yanasukuma kibofu, unakojoa kila saa. Kuna yanayokaa ndani ya ukuta. Na kuna yanayochomoza kule ndani kabisa, kwenye chumba cha mtoto. Hayo hata fundo likiwa dogo kama harage, damu yake ni balaa, na mimba hupata shida kukaa. "Wewe unayo ya kila aina."

"Mke wangu hafanyi kitu nusu," mumewe akasema. Hakuna aliyecheka.

"Dawa zipo?" Pindo akauliza haraka.

"Zipo. Kuna vidonge vya kupunguza damu siku zile. Kuna sindano za kila mwezi, zinasimamisha hedhi na kuunyausha uvimbe, ila ukiziacha unarudi. Tutakupa hizo kukuandaa, huku unameza vidonge vya madini ya chuma mpaka damu ipande. Kuna hospitali wanaziba mishipa inayoulisha uvimbe. Hapa hatuna, na kwa mtu anayetafuta mtoto siyo chaguo langu la kwanza. Na kuna kupasua."

Pindo akalikamata shuka kwa mikono miwili. "Kukata kizazi."

"Nani kasema? Kuna kutoa uvimbe peke yake. Tunafungua ukuta, tunakamua fundo, tunashona, kizazi kinabaki. Na kuna kutoa kizazi chote, hapo uvimbe haurudi tena, maana hauna pa kuota. Anayetaka kuzaa tunaanza na hiyo ya kwanza."

"Mnashona mstari mmoja?"

Daktari akamtazama upya. "Tabaka kwa tabaka. La chini, la kati, halafu la juu."

"Na bitana?"

"Hata bitana ipo. Tofauti ni kwamba kitambaa changu kinatoka damu." Akavuta kiti, akakaa, sauti yake kubwa ikashuka. "Na hapo nisikudanganye. Mafundo yako ni mengi, na kuna moja kubwa nyuma, chini kabisa, jirani na mishipa mikubwa. Nitafanya kila ninaloweza kubakiza kizazi. Lakini damu ikikataa kusimama, itabidi nikitoe ili uishi. Nataka ukubali hilo kabla hatujaanza."

"Sikubali," Pindo akasema.

Akarudi nyumbani na sindano yake ya kwanza, na hilo "sikubali" lake likakaa mezani kati yake na mumewe kila walipokula. Hedhi ilisimama. Rangi ilianza kumrudia usoni, hamu ya barafu ikamtoka, akapanda vile vingazi vya kazini bila kusimama. Angeweza kushangilia. Badala yake alishindwa kulala, kwa sababu tarehe ya kupasuliwa ilikuwa inakuja na yeye hajasema ndiyo. Mumewe alijaribu mizaha yote aliyokuwa nayo, ikamwishia. Jioni moja akasema tu, "Mke wangu, mimi nakuomba," akashindwa kumalizia, akatoka kwenda kuchokonoa jokofu la mtu lisilohitaji kuchokonolewa.

Dada mtu ndiye aliyekuja na chupa ya majani yake, machungu kiasi cha kumwamsha mtu aliyezimia. "Kunywa haya. Wale watakukata tu."

"Dada, nimeambiwa wataanza kwa kutoa uvimbe."

"Na mimi niliambiwa hivyo hivyo!" Dada mtu aliitua chupa mezani kwa kishindo. Kisha akakaa kitako, mikono imelegea, na akasema jambo ambalo hajapata kulisema miaka yote ile. "Unajua kilichoniuma siyo kisu. Wala siyo yule bwana, yule aende zake huko. Nililala ninacho, nikaamka sina. Hakuna aliyeniuliza. Muuguzi alikuja kunipima joto, akaniambia kama mtu anayekwambia mvua imenyesha. Labda ilibidi, mdogo wangu. Labda ningekufa kweli. Lakini wangeniuliza!"

Pindo akamshika mkono dada yake, nao wakalia, kila mmoja kilio chake. Chupa haikufunguliwa.

Asubuhi yake alikwenda kumvizia daktari mlangoni pa kliniki. "Nimesikia mnaweza kumpasua mtu akiwa macho."

"Kwa ganzi ya mgongo, ndiyo. Husikii maumivu, ila unasikia mazungumzo yetu. Nilikuwa nimepanga kukupa hiyo hiyo."

"Basi uniulize. Ikifika mahali pa kutoa, usiamue wewe. Uniulize mimi, nikujibu mwenyewe."

"Pindo, damu ikimwagika hakuna nafasi ya kikao."

"Sitaki kikao. Uniulize mara moja."

Daktari alisugua macho. Ilionekana wazi kwamba hakulipenda jambo lile hata kidogo. "Na ukizimia?"

Hilo Pindo alikuwa amekesha nalo. "Nikizimia, amua wewe. Lakini nikiwa macho, ni mimi."

"Na ukiniambia hapana?"

"Basi umenisikia."

Daktari akasema sawa, kwa sauti ya mtu aliyebebeshwa gunia asilolitaka.

Kabla ya siku yenyewe hospitali iliomba damu ya akiba. Mama Shela alifunga kazi, akaja na mafundi wake wote, wakajipanga kwenye benchi na magauni yao meupe mpaka mgonjwa mmoja akawaita "sista" na kuwauliza dawa zake ziko wapi. Mume wa Pindo alitoa, dada mtu alitoa. Pindo alipoingizwa chumba cha upasuaji, mumewe alimsindikiza mpaka mlango usioruhusiwa kuvukwa, akafungua mdomo aseme kitu cha kuchekesha, akaufunga.

Walimchoma ganzi, miguu ikawa si yake. Wakamtandaza mikono pande mbili na kuifunga. Pazia la kijani likawekwa juu ya kifua, na upande wake wa pazia akabaki na daktari wa usingizi tu, bwana mpole aliyekaa karibu na kichwa chake na kutazama mashine inayolia ti, ti, ti. Upande wa pili daktari alianza kazi huku anapiga soga. Pindo alisikia kuvutwa na kusukumwa, bila maumivu, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya mkoba wake. Fundo la kwanza likaangukia kwenye beseni la chuma. Do!

"Hilo kama limao," daktari akatangaza. "Upo, Pindo?"

"Nipo."

"Uzi. Nashona hapa. Ungeiona mishono yangu usingenidharau."

Do! Jingine. Kama yai, daktari akasema. Halafu vidogo vidogo, vikilia kama kokoto. Kila mara daktari aliomba uzi, na kila uzi ulimtia Pindo moyo, maana kinachoshonwa ni kitu kinachobaki. Akaanza kutumaini. Akaanza hata kumfikiria mtoto, msichana, na gauni atakalomshonea siku ya kuanza shule. Hapo ndipo alipopaswa kujizuia, lakini nani angemlaumu?

"Limebaki baba yao," daktari akasema. "Hili la nyuma. Vuta hapo. Vuta zaidi."

Fundo likaanguka kwa kishindo hadi beseni likasogea. Na baada ya hapo soga zikakatika.

Pindo alingoja kusikia uzi ukiombwa. Alisikia mlio wa kufyonza, mrefu, usiokoma. Alisikia, "Vitambaa. Vingine. Vingine." Ile ti, ti, ti ikaanza kukimbia. Baridi ikamwingia kutoka ndani ya mifupa, meno yakagongana. Daktari wa usingizi alisimama, akaukamata mfuko wa damu uliotundikwa, akaanza kuukamua kwa mikono yake miwili.

"Damu iko wapi?" sauti kubwa ikauliza. "Nimeomba damu, iko wapi?" Mlango ukabamizwa, viatu vikakimbia kwenye korido.

"Uzi," daktari akasema. Kimya. "Uzi mwingine." Kimya kirefu zaidi. Kisha uso wake ukatokea juu ya pazia, nusu umefunikwa barakoa, macho mekundu.

"Pindo. Nakuuliza."

Pindo alijua angeulizwa. Usiku baada ya usiku alikuwa amejifunza jibu lake mpaka likakaa ulimini. Sasa ulimi ukawa mzito.

"Kinashika uzi?" akauliza.

"Hakishiki. Nikishona huku, kule kunachanika. Nimejaribu kote."

Yeye mwenyewe, mara ngapi alikuwa amewaambia wateja maneno hayo kuhusu nguo waliyoileta irekebishwe? Mama, kitambaa hiki kimekwisha, nikiongeza sindano ndiyo namalizia kukitoboa. Wateja hukasirika, hulia, humwambia jaribu tena. Alimchukia daktari yule. Akalichukia tumbo lake, na marinda, na kile kioo kikubwa, na ule mwaka mzima alioutupa.

"Nilitaka mtoto," akasema.

"Najua."

"Wewe unao?"

"Ninao."

"Basi hujui."

Macho yale mekundu hayakukwepa. "Sijui. Kweli sijui. Nijibu, Pindo, damu inakwenda."

"Nipe dakika moja."

"Sina."

Daktari wa usingizi alikuwa anakamua mfuko, anahema. Kingo za chumba zilianza kuingia giza, na Pindo akatambua kwamba akiliachia giza lile limchukue, hatalazimika kusema lolote. Wataamua wao. Atalala nacho, ataamka hana, na hatakuwa amelitamka kwa kinywa chake. Ilikuwa rahisi hivyo, na ilimvuta. Akauma mdomo mpaka ukatoka damu.

"Toa," akasema.

"Sema nisikie. Na hawa wasikie."

"Toa kizazi!" Alidhani amepiga kelele, kumbe ilikuwa sauti ya kunong'ona. "Kitoe. Nataka kuishi."

Uso ukatoweka. Sauti kubwa ikarudi, ikataka kifaa hiki na kile, haraka haraka, na daktari wa usingizi akauachia mfuko kwa mkono mmoja akamfuta Pindo machozi, maana mikono yake ilikuwa imefungwa. Alilia waziwazi, bila aibu, huku upande wa pili watu wanafanya kazi. Baadaye sana, ile ti, ti, ti ikaanza kutembea badala ya kukimbia.

Walipomleta kwenye korido, mumewe alikuwa amesimama katikati ya njia, ameganda, plasta bado iko kwenye mkono aliotolewa damu. Midomo yake ilikuwa mikavu. Hakusogea. Alimtazama mhudumu aliyekuwa anasukuma kitanda, siyo mke wake, kama anayesubiri mhudumu ndiye aseme.

Pindo alikuwa amekwisha kata shauri kwamba mtu mwingine yeyote asimwambie. "Wamekitoa," akasema. "Nimewaruhusu mwenyewe. Hatutapata mtoto."

Mumewe akacheka.

Alicheka kwa nguvu, mkono mdomoni, mabega yanatikisika, hata mhudumu akashtuka. Hasira ikampanda Pindo kuanzia pale ganzi ilipoishia. "Unacheka? Nakwambia sina kizazi tena, na wewe unacheka? Mwanaume gani wewe?"

"Walitoka mbio kutafuta damu," akasema, cheko na kwikwi vimechanganyika. "Wakatoka tena. Halafu akatoka mmoja akaniuliza mimi ni nani wako, nikamwambia, akanitazama, akarudi ndani hakusema kitu. Nikajua umekufa. Hapa nilipo nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia dada yako. Sasa unatoka unaniambia hatutapata mtoto. Wewe! Kwa mdomo wako!"

Pindo akainua mkono, ule usio na mpira wa damu, akampiga kifuani. Kofi lenyewe halikuwa na nguvu ya kuua nzi. Mumewe akaudaka mkono ule na kuukandamiza pale pale, na cheko likamkauka usoni kidogo kidogo.

"Nilimtaka," Pindo akasema. "Nilimtaka sana."

"Na mimi nilimtaka," akajibu. Miaka sita hakuwahi kulisema, hata siku ile mimba ilipotoka. "Nilikuwa nimeshampa na jina."

Akainama juu ya kitanda, paji la uso likagusa la mkewe, wakalia pamoja katikati ya korido, watu wakipita pembeni. Mhudumu akaachia mishikio ya kitanda, akaegemea ukuta, akangoja.